Abstrakti za Wamarekani mtu unaziangaliaje? Nampeleka binti Washington

Zuwena_MD

Habari za humu wakuu. Naombeni msaada wenu wale mnaoijua sanaa ya uchoraji. Nakaa Maryland, mtoto wa dada yangu anakuja kunitembelea kutoka Tanga mwezi ujao, ana miaka 17 na kuchora ndio maisha yake. Nikamuuliza unataka nikupeleke wapi, nikidhani atasema Ikulu au madukani, akasema anataka aone abstrakti za Wamarekani kwa macho yake, kina Pollock na Rothko, maana miaka yote anaziona kwenye simu tu. Washington ni karibu na kwangu na makumbusho mengi pale kuingia ni bure, kwa hiyo kwenda sio tatizo. Picha ya mtu au ya bahari najua naanzia wapi kuitazama, sasa hii ambayo ndani hamna mtu, hamna nyumba, hamna mti, macho yanaanzia wapi na yanatafuta nini? Sitaki nimpeleke mtoto halafu mimi nikae kwenye benchi nachezea simu, nataka tuongee mbele ya picha.

Halafu kaka yangu kila akisikia hii safari anasema vitu hivyo hata mtoto wa chekechea anafanya, ni Wamarekani tu wamevipandisha bei. Ningependa kumjibu kwa hoja. Na binti mwenyewe kaniuliza, kati ya hao wakubwa wa abstrakti mtu mweusi yupo? Hilo nalo naomba mnisaidie. Natanguliza shukrani.

fundi_rangi_TMK

Karibu dada Zuwena, umeuliza swali zuri sana. Mimi ni fundi rangi, napaka nyumba na kuandika mabango, chuo cha sanaa sijakanyaga ila hawa jamaa nimewafuatilia miaka mingi kwa sababu walikuwa wanatumia rangi zilezile tunazotumia sisi kwenye milango na madirisha. Ushauri wangu usianze na kutafuta maana, anza na rangi imefikaje pale kwenye kitambaa. Ukishajua mkono ulifanya nini, mengine yanakuja yenyewe.

Chukua Pollock. Makumbusho ya National Gallery, jengo la mashariki, wana ile Number 1, 1950, ndio wanaiita Lavender Mist, ina kama mita 2.2 kwa 3. Jina lenyewe alipendekeza mhakiki Clement Greenberg, rangi ya lavenda humo haimo, ni nyeusi, nyeupe, kijivu, pinki na bluu kidogo ukisogea mbali zinachanganyikia machoni mwako. Huyu bwana mwaka 1945 alihama New York mjini na mkewe Lee Krasner, naye mchoraji mkubwa tu, wakaenda kukaa Springs kule Long Island, akageuza banda la pale kuwa studio. Kanvasi akaitandaza chini sakafuni, anazunguka pande zote nne, na mwenyewe aliwahi kuandika kwamba akiwa hivyo anajisikia yumo ndani ya picha, karibu na wale Wahindi Wekundu wa magharibi wanaochora kwa mchanga chini. Rangi yake ni ya mafuta ya madukani, ya kupaka nyumba, kwa sababu inatiririka, ile ya wasanii ya kwenye tyubu ni nzito haiwezi kumwagika uzi mrefu. Anachovya kijiti au brashi iliyokauka, anamimina kutoka juu bila kugusa kitambaa.

Sasa hapo ndipo pa kutazama. Mkono ukienda taratibu mstari unanenepa na kufanya dimbwi, ukienda haraka unakuwa mwembamba kama wa kalamu, akiinua mkono juu mstari unayumba. Rangi ikidondokea juu ya rangi mbichi kingo zinaingiliana, ikidondokea juu ya iliyokauka inakaa safi. Mwambie binti achague mstari mmoja mweusi aufuate, aone wapi unapita juu ya pinki na wapi pinki inaupita juu, atakuwa anasoma nani alitangulia nani akafuata. Na msiondoke bila kuangalia pembe za juu, kuna alama za viganja vyake mwenyewe kakandamiza pale.

Kuhusu kaka, kumwaga rangi kweli kila mtu anaweza. Ila jaribu kumwaga rangi tano mbichi kwenye mita tatu uone, dakika kumi unapata tope. Yeye alikuwa anamwaga, anaacha ikauke, anainua kanvasi anaitundika ukutani anaiangalia siku kadhaa, halafu anairudisha chini anaendelea. Tafuta filamu na picha za Hans Namuth alizompiga mwaka 1950 akifanya kazi, mtu akiziona anaelewa kwamba mwili wote ulikuwa unafikiri.

Mwl_Historia

Nimesoma kwa makini maelezo ya fundi, ni mazuri, ila mimi nafundisha historia na naona binti akiondoka na habari za viganja na mistari tu atakuwa amepata nusu. Hizi picha hazikupanda zenyewe. Mwaka 1946 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilinunua picha za mafuta 79 za wachoraji wa kisasa ikazizungusha nje, wabunge wakapiga kelele kwamba kodi ya wananchi inanunua uchafu, maonyesho yakasitishwa njiani na picha zikaja kuuzwa kwa bei ya kutupa kama mabaki ya vifaa vya vita. Mwaka 1949 mbunge George Dondero anasimama bungeni anasema sanaa ya kisasa ni silaha ya wakomunisti. Sasa ruka miaka tisa mbele, 1958 na 1959 makumbusho ya MoMA yanatuma maonyesho ya The New American Painting nchi nane za Ulaya, kina Pollock na Rothko walewale, na safari hii ni fahari ya taifa, ndio ushahidi kwamba Marekani msanii yuko huru na Moscow analazimishwa kuchora matrekta.

Na kwa miaka hiyohiyo CIA ilikuwa inalipia kwa siri lile shirika la Congress for Cultural Freedom lililoanzishwa Berlin 1950, lenye magazeti na makongamano na maonyesho ya sanaa, mpaka siri ikafumuka 1966 na 1967. Kwa hiyo mtu akiniambia hii ni rangi tu inayogusa moyo, namuuliza nani aliibeba hadi ikafika moyoni kwako?

Halafu wataalamu wenyewe mbona walidanganywa? Knoedler, galeri ya zaidi ya miaka 150 pale New York, iliuza Pollock na Rothko feki kwa miaka mingi, kama dola milioni 80 zilipita hapo mpaka ilipofungwa 2011. Moja hata saini ilikuwa imekosewa, imeandikwa Pollok bila c! Kaka yako ana hoja dada.

fundi_rangi_TMK

Mwalimu nakuheshimu, hilo la vita baridi sibishani nalo, historia ndiyo ilivyo. Ila hilo la Knoedler nalitumia upande wangu. Aliyezichora zile feki hakuwa mtoto wa chekechea, alikuwa mchoraji mwenye elimu, mzaliwa wa China, amesoma uchoraji kwao na akasoma tena New York, anaishi Queens, mkono wake umeiva kwa miaka mingi. Ndio maana aliweza. Ingekuwa kazi ya mtoto wangemtafuta mtoto. Na kilichowakamata ni rangi, walipopima maabara wakakuta kuna rangi ambazo wakati Pollock yuko hai zilikuwa hazijaingia sokoni, maana alikufa 1956 kwa ajali ya gari. Rangi haisemi uongo.

Halafu kuna watafiti wa saikolojia Boston walitoa utafiti wao 2011, waliwapa watu picha mbilimbili, moja ya mchoraji wa abstrakti anayejulikana na nyingine ya mtoto mdogo au ya mnyama, tembo na sokwe wamo, wakawauliza ipi bora. Hata wasiojua sanaa, na hata pale majina yalipobandikwa kwa kubadilishana ili kuwachanganya, walichagua ya mchoraji mara nyingi kuliko mtu anayebahatisha. Sio kila mara, lakini mara nyingi. Jicho linaona kwamba hapa mtu aliamua.

254_Baltimore

Sasa Zuwena. Mimi ni Mkenya niko Baltimore, nafanya kazi ya ulinzi kwa makumbusho fulani, so hizi painting nakaa nazo masaa mengi kuliko hata maprofesa. Nataka nijibu hiyo swali ya binti ya watu weusi, kwa sababu mkienda Washington mtakuwa mko mahali penyewe kabisa, na watu wengi wanakimbilia Pollock wanapita hiyo story bila kuiona.

Lakini lazima nianze na mama mmoja mzungu ndio ieleweke. Helen Frankenthaler. Mwaka 1952 akiwa na miaka 23 ametoka kutembea Nova Scotia, huko Kanada, kuna milima inaingia baharini, akarudi New York akatandaza kanvasi chini vile alikuwa ameona Pollock akifanya, lakini yeye akachukua rangi ya mafuta akaichanganya na tapentaini mpaka ikawa nyepesi kama maji, akaimwaga kwa kitambaa kitupu chenye hakijapakwa praima. Hiyo rangi haikukaa juu, ilizama. Kitambaa na rangi vikawa kitu kimoja. Hiyo painting inaitwa Mountains and Sea, na kwa miaka mingi imekaa National Gallery hapohapo Washington kwa mkopo, saizi yake ni karibu sawa na hiyo Lavender Mist fundi amesema, so mkipata bahati zote ziko ukutani siku hiyo tembeeni kati ya hizo mbili. Moja rangi imekaa juu unaweza karibu kuihesabu tabaka, ingine rangi imeingia ndani ukitazama kwa upande hakuna kitu imeinuka. Binti ataelewa mambo mengi hapo bila mtu kumlekcha.

Aprili 1953 wachoraji wawili wa Washington, Morris Louis na Kenneth Noland, wakapanda kwenda New York, Greenberg akawapeleka kwa studio ya Frankenthaler wakaona hiyo painting, na Louis akasema baadaye huyo mama ndio alikuwa daraja kati ya Pollock na kile kilichowezekana. Louis ni mtu wa huku kwetu Baltimore by the way, alizaliwa hapa 1912. Huyu jamaa ananigusa sana. Studio yake ilikuwa chumba cha kulia chakula cha nyumba yao Washington, kama mita 3.6 kwa 4.2, na kanvasi zake zingine zilikuwa kubwa kuliko hicho chumba, so alikuwa anazikunja na kuzimwaga rangi kipande kipande. Mke wake anatoka kazini jioni anakuta nyumba ni safi, sakafu haina tone. Hakuna mtu aliwahi kumwona akipaka, na mpaka leo wataalamu wanabishana vile alikuwa anafanya. Alikufa 1962 na saratani ya mapafu.

1965 wakafanya maonyesho Washington yakaitwa Washington Color Painters, wanaume sita, wote wazungu. Hapo ndio jina la hiyo shule ya Washington lilitoka. Na wakati huohuo, mtaa wa 15 hapohapo mjini, kulikuwa na mwalimu mstaafu mweusi anaitwa Alma Thomas, ana zaidi ya miaka sabini, anapaka jikoni na sebuleni kwake.

Alma Thomas alizaliwa Columbus, Georgia, 1891. Wazazi wakahamisha familia Washington 1907 kwa sababu kule kusini mtu mweusi alikuwa hana usalama wala shule ya maana. 1924 akawa mtu wa kwanza kabisa kumaliza degree ya sanaa Howard University. Halafu akafundisha watoto uchoraji Shaw Junior High miaka 35, mpaka 1960. Hebu fikiria, sanaa yake kubwa yote imekuja baada ya kustaafu! Na mikono ilikuwa na yabisi, viungo vinauma. Alikuwa anakaa anatazama mti uko nje ya dirisha lake, vile mwanga unapita kati ya majani unavunjika vipande vipande, akaanza kupaka hivyo vipande, viboko vifupi vya rangi vimepangwa kwa mistari ama kwa duara, na katikati mwanya mweupe unapumua. Ukisogea karibu bado unaona mistari ya penseli alipiga kwanza. 1972 makumbusho ya Whitney ya New York yakampa maonyesho yake peke yake, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa hiyo nafasi, akiwa na miaka 80. Akamwambia mwandishi wa gazeti kwamba akiwa mtoto Columbus watu weusi hawangeweza hata kuingia makumbusho, sembuse kuota picha yako iko ukutani. 2015 Ikulu wakatundika Resurrection yake ya 1966 kwa chumba cha zamani cha kulia cha familia, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia kwa hiyo mali ya kudumu ya Ikulu.

Lakini mkienda nendeni Smithsonian American Art Museum, iko karibu na stesheni ya Gallery Place, ni bure, muulizie ile Red Azaleas Singing and Dancing Rock and Roll Music ya 1976. Kanvasi tatu zimeunganishwa karibu mita nne. Nyekundu juu ya nyeupe. Alikuwa na miaka zaidi ya 80 na anapaka hivyo. Nikiwa na huzuni mimi naenda kuona hiyo, sijui nisemeje zaidi.

Makumbusho hayohayo ndio yana April 4 ya Sam Gilliam. Gilliam alizaliwa Tupelo, Mississippi 1933, akakulia Louisville, akahamia Washington 1962, na yeye pia alifundisha shule. Alikuwa anamwaga akriliki nyepesi kwa kanvasi tupu, anaikunja ikiwa bado maji, anaiacha ikauke hivyo ndani ya mikunjo, akiifungua rangi imejichora na kujirudia pande mbili. April 4 ni ya 1969, ni siku Martin Luther King aliuliwa mwaka uliotangulia. Zambarau yote, na matone mekundu yametapakaa. Hakuna uso, hakuna bunduki, na hakuna mtu huku Marekani ataisoma hiyo tarehe asijue. Kwa hiyo Zuwena ukiuliza macho yanatafuta nini, saa ingine anza kwa kibao kando ya painting, usione aibu. Na mwaka huohuo Gilliam akatoa kanvasi kwa fremu kabisa akazining'iniza kutoka dari la makumbusho ya Corcoran, zinaanguka na kupinda hewani, unatembea katikati. 1972 akawa mmoja wa waliowakilisha Marekani Venice Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa huko Italia. Alikufa 2022.

Wengine binti aandike majina atafute mwenyewe: Norman Lewis wa Harlem, aliyekuwa mtu mweusi pekee kwa ule mkutano wa Studio 35 wa 1950 wakijadili abstrakti yao ni nini, Ed Clark aliyekuwa anasukuma rangi na fagio kubwa la sakafuni, Jack Whitten aliyejitengenezea kifaa cha mbao cha mita karibu nne cha kuvuta rangi mara moja tu kanvasi yote. Na wa sasa Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa 1970, akaletwa Michigan na wazazi akiwa mtoto wa miaka saba, anachora juu ya ramani na michoro ya majengo mpaka mji unapotea ndani ya mistari.

Mwl, kwa hiyo ya CIA, ni kweli mashirika yalizitumia. Lakini kumbuka wengi wa hawa, Pollock, Krasner, Norman Lewis, walikula miaka ya njaa ya 1930 kwa mshahara wa mradi wa serikali wa WPA, na wengi walikuwa mrengo wa kushoto. Huwezi kusema walichora ili kufurahisha majasusi.

Mwl_Historia

254 nimekusoma vizuri na hayo ya Alma Thomas yamenifundisha. Sijasema walichora kwa ajili ya CIA, nimesema waliotundika ndio wenye sababu zao, na wewe mwenyewe umeonyesha, wanaume sita wanaitwa shule ya Washington na mwalimu aliyefundisha miaka 35 yuko mtaa wa jirani hayumo. Hilo ndilo ninalotaka binti aliulize akiwa mbele ya kila ukuta, nani yuko hapa na nani hayupo.

Ila nina swali la kweli. Miaka ya sitini watu weusi wanapigwa na mbwa na mabomba ya maji Birmingham, msanii mweusi anakaa anapaka majani ya mti. Hakulaumiwa?

254_Baltimore

Alilaumiwa, na si yeye peke yake, Gilliam pia. Vijana wa Black Arts, ile harakati ya wasanii weusi, walikuwa wanataka picha inayosema wazi, mtu ameinua ngumi, familia, historia. Waliona abstrakti ni kukimbia. Alma Thomas alikuwa kwa maandamano ya Washington ya 1963 na akayachora, so hakuwa amejificha. Lakini alisema wazi kwamba kupitia rangi anataka kushughulika na uzuri na furaha, si ukatili wa binadamu kwa binadamu. Mimi naona hiyo ilikuwa ngumu kuliko ngumi. Mama ametoka Georgia ya 1907, anajua kila kitu kuhusu huo ukatili, halafu anakataa uamue atapaka nini. Norman Lewis yeye alienda njia ingine, American Totem yake ya 1960 ni nyeusi na nyeupe tupu, umbo moja refu, ukikaa nayo unaanza kuona zile kofia za Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi. Zote mbili ni majibu.

Bi_Shangazi_Houston

Mwanangu Zuwena, nimeona hapa hapana aliyekueleza Rothko, na binti amemtaja, basi nisikize mie. Kwetu Mombasa, sasa nakaa Houston miaka mingi, na hapa ndipo ilipo ile Rothko Chapel.

Rothko alizaliwa 1903 mji wa Dvinsk, siku hizo ni Urusi leo ni Latvia, Myahudi, akaletwa Marekani na umri wa miaka kumi, kingereza hajui. Zile picha zake ni mapande mawili matatu ya rangi yaelea moja juu ya jingine, kingo zake hazikatiki, zayeyuka. Alizipaka kwa rangi nyembamba mno, tabaka juu ya tabaka, hata mwanga waingia ndani ukarudi nje. Ndiyo kwenye simu hazionekani kitu. Alikuwa ataka mtu asimame karibu, nusu mita tu hivi, na zitundikwe chini, taa zisiwe kali, ili rangi ikuzunguke kotekote. Na akisema kwamba rangi kwa rangi hazimshughulishi, yeye ashughulika na huzuni na furaha na mauti, na wale waliao mbele ya picha zake wapata kile alichokipata yeye akizipaka.

Mwaka 1958 alipewa kazi ya kupambia mkahawa wa kifahari New York, jengo la Seagram. Akapaka picha nyingi, kisha akaenda akala pale, akatoka akasema mtu alaye chakula cha bei hizo hatoangalia picha yangu kamwe. Akarudisha pesa! Tisa katika hizo akawapa makumbusho ya Tate ya London, na zikawasili siku ileile alipokutwa amejiua, Februari 1970.

Hii Chapel ilifunguliwa 1971, yeye hakuiwahi. Ina pembe nane, ndani picha kumi na nne, nyeusi na zambarau iliyokolea, mwanga watoka juu darini. Si ya dini moja, hapo mlangoni kuna vitabu vya dini mbalimbali na msahafu umo. Ukiingia waona kuta nyeusi tu. Kaa. Baada ya robo saa jicho lazoea, ile nyeusi yawa si moja, hapa yaenda kwa damu ya mzee, huku kwa urujuani, wingu likipita juu na picha yabadilika. Mie huenda baada ya alasiri nikakaa kimya, sina jingine la kufanya pale, na nafsi yangu hutulia.

Washington usiende mbali, Phillips Collection karibu na Dupont Circle wana chumba kidogo cha Rothko tangu 1960, picha nne na benchi. Keti hapo na mtoto, msiseme kitu kwanza. Hilo benchi usiliogope mwanangu, simu iweke mkobani tu.

Zuwena_MD

Mungu awabariki wote, nimesoma yote nimemtumia na binti, tena yeye ndiye kaniambia niulize hili: anataka kujaribu hiyo mbinu ya Frankenthaler ya kuloweka rangi kwenye kitambaa kitupu kabla hajaja, ila mwalimu wake wa sanaa kamwambia kitambaa kitaoza. Ni kweli? Na kanvasi Tanga bei juu sana.

Shangazi, Phillips tutaenda. Kaka naye kasema atakuja, kaanza kubishana na mimi kuhusu Knoedler kwa hiyo naona ameingia.

fundi_rangi_TMK

Mwalimu wake kasema kweli, rangi ya mafuta ikigusa pamba tupu inaila taratibu, na mafuta yanatambaa pembeni ya rangi yanaacha duara la njano, kwenye Mountains and Sea hayo maduara yanaonekana kabisa mkiangalia vizuri. Ndio maana Louis alitumia akriliki ya zamani inaitwa Magna na Frankenthaler mwenyewe miaka ya sitini akahamia akriliki. Kwa hiyo binti atumie akriliki, asiguse mafuta. Kitambaa achukue marekani nzito, sio ile nyepesi ya kushonea mifuko ya mto, aifue kwa maji ya moto bila sabuni nyingi ili itoe wanga, akaushe, aipige pasi, aitandaze juu ya nailoni sakafuni. Aloweshe kitambaa kwa maji kwanza sehemu anayotaka rangi isambae, asiloweshe anapotaka kingo ziwe kali. Rangi ya maji ya ukutani sokoni ni rahisi kwa mazoezi lakini imejaa chokaa, ikichanganywa na maji mengi inapauka na ikikauka inapukutika, kwa hiyo hata tyubu tatu tu za akriliki ya wasanii, nyekundu, bluu na njano, zinamtosha kuanzia.

Na achague rangi kwa kuuliza kama inastahimili jua. Rothko huyohuyo wa shangazi alipaka picha kubwa za ukutani Harvard mwanzoni mwa miaka ya sitini, akatumia nyekundu moja inayoitwa Lithol, chumba kikawa na madirisha makubwa, jua likaimaliza, zambarau ikawa bluu iliyofifia, mwaka 1979 wakazitoa wakazificha stoo. Hazingeweza kupakwa upya bila kuiharibu kazi yake. 2014 Harvard wakaja na projekta, kompyuta inapiga mwanga wa rangi iliyopotea sehemu kwa sehemu juu ya kanvasi, ukitazama unaona picha ya zamani, wakiizima unaona iliyobaki. Kitambaa chake akitundike mbali na dirisha.